Handisheki Bila Tarehe

Wasee, kuna video moja hurudi kwa simu yangu kila Gaza ikichacha. Septemba 13, 1993, nje ya White House, Rabin na Arafat wanasalimiana, Clinton amesimama katikati amefungua mikono kama MC wa harusi. Ukishuka kwa komenti ni wimbo uleule: diplomasia ni bure, hao watu hawawezi kupatanishwa, wachaneni nao.

Mimi sikubali. Diplomasia ilishawahi kufanya kazi palepale, na tunajua ilifanya aje.

Septemba 1978, Jimmy Carter aliwaweka Sadat wa Misri na Begin wa Israeli pale Camp David siku 13. Walikosana hadi ikabidi Carter awe anatembea kutoka nyumba ya huyu hadi ya yule akiwa na karatasi mkononi. Walitoka na mapatano mawili. Watu husahau yalikuwa mawili.

La kwanza lilizaa mkataba wa Machi 1979. Israeli ilipewa miaka mitatu kutoka Sinai, na kufikia Aprili 1982 ilikuwa imetoka. Walowezi wa mji wa Yamit waliokataa kuhama walibebwa juu juu na wanajeshi wa nchi yao wenyewe. Kikosi cha kimataifa kikaletwa kuchunga mpaka, na hadi leo kiko. Marekani ikamwaga pesa pande zote mbili. Sadat aliuawa Oktoba 1981, kazi ikiwa bado haijaisha, na mkataba haukuanguka.

La pili lilihusu Gaza na Ukingo wa Magharibi. Hapo maneno yakageuka uji: Wapalestina wajitawale kiasi, mpito wa miaka mitano, mengine tutaongea mbele ya safari. Na kwenye hicho kikao hakukuwa na Mpalestina hata mmoja. Likafa polepole. Wapatanishi ni walewale, wiki ni zilezile, kalamu ileile.

Sasa rudi kwa ile video. Wanorwe walifanya kazi safi, heshima kwao. Waliwaketisha kwa siri watu ambao hadi Januari 1993 sheria ya Israeli iliwakataza kukutana, na mwishowe Israeli na PLO wakatambuana. Lakini Norway ni mwenyeji tu, haina rungu. Jerusalem, wakimbizi, makaazi ya walowezi, mipaka, yote yakasukumwa mbele. Hakuna refa aliyepewa filimbi.

Walowezi wa Ukingo wa Magharibi walikuwa kama 110,000 mwaka 1993. Kufikia 2000 walikuwa karibu 200,000, wakati watu "wanaongea". Februari 1994 mlowezi mmoja aliua Wapalestina 29 wakiswali msikitini Hebron. Hamas wakaanza kulipua mabasi. Novemba 1995, Rabin akapigwa risasi na Muisraeli mwenzake. Sadat alikufa, karatasi ikabaki. Rabin alikufa, na chini ya Oslo hakukuwa na kitu cha kuishikilia.

Najua mtaniambia Sinai ni jangwa, Jerusalem si jangwa. Ni ukweli. Tena Misri ilikuwa nchi yenye jeshi, ilhali Wapalestina walikuja mezani mikono mitupu. Manze, si hiyo ndiyo sababu ya kutaka watu wa nje wabane zaidi? Mnyonge na mwenye nguvu ukiwaacha chumbani peke yao na kuwaambia waelewane, hujapatanisha mtu.

Ndiyo maana nilisoma ule mpango wa Trump wa pointi 20 wa 2025 nikitafuta tarehe tu. Mateka wa Israeli: saa 72. Hiyo iko wazi, na Oktoba 13 waliokuwa hai walirudi nyumbani. Taifa la Palestina: masharti yakitimia, "huenda" njia ikapatikana. Septemba hiyohiyo Uingereza, Ufaransa, Kanada na Australia zililitambua taifa hilo, poa sana, lakini nazo hazikusema mlowezi wa mwisho anahama lini na nani atambeba.

Kwa hivyo kama una rafiki huko ughaibuni anayepiga kura, mwambie asimuulize mbunge wake kama anaunga mkono amani. Wote watasema ndio. Amuulize mwaka gani, na nani atachunga.