Kanda ya Mama Inayochoma Masikio

Safari hii tulibisha hodi Ngombezi, wilayani Korogwe, kule kwenye mashamba ya mkonge, kwa mama mwenzetu mwenye malalamiko. Kanda ya marehemu mama yake akiongoza kwaya, iliyorekodiwa miaka ya tisini, kijana wake alikuwa ameihamishia kwenye flashi. Katika sabufa mpya sauti ikatoka kali, kila "s" ikichoma kama sindano. "Huyu si mama," alituambia. Kijana alikwisha kugombezwa kwa kuiharibu kanda.

Tuliomba kuiona. Kwenye karatasi yake, aliyerekodi alikuwa ameandika kwa kalamu: Dolby B.

Kaseti, tangu Philips walipoileta mwaka 1963, ina mvumo wake, ule unaosikika kabla wimbo haujaanza. Dolby B ilitengenezwa kuupunguza. Wakati wa kurekodi huzipandisha sauti za juu zilizo hafifu, hadi desibeli 10 hivi. Wakati wa kupiga huzishusha zirudi mahali pake, na mvumo hushuka pamoja nazo. Ukiipiga kanda hiyo bila kuwasha swichi ya Dolby, nusu ya kazi haifanyiki. Sauti za juu hubaki zimepandishwa, na ndivyo zilivyoingia kwenye flashi.

"Mbona miaka yote ilisikika vizuri?" akauliza. Redio kaseti yake ya zamani, isiyo na Dolby, ilikuwa na spika moja ndogo isiyoweza kutoa sauti za juu sana, na kichwa cha kusomea kanda kilijaa uchafu, ambao nao hula sauti hizo hizo. Kasoro moja ikaifunika nyingine. Sabufa haikufunika kitu.

Kisha tukatazama sebule yenyewe. Sakafu ya saruji, kuta tupu, bati juu bila dari. Sauti za juu zikigonga vitu vigumu hivyo hurudi karibu zote, zikakutana na wimbo unaoendelea kutoka. Kitambaa kizito huzimeza. Tulitundika blanketi ukutani, tukatandika mkeka na godoro la watoto sakafuni, spika tukazigeuza zisitazame masikio moja kwa moja. Ukali ulipungua kabla hatujagusa kitufe chochote. (Mvua ikinyesha juu ya bati hilo, akina mama, zimeni tu redio.)

Tena masikio yetu ni mepesi zaidi kwa sauti za kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na kilio cha mtoto mchanga kina nguvu nyingi humo. Kwa hiyo ukali kidogo tu hapo hutuchosha, nasi twadhani redio imefunguliwa mno.

Mwenye kanda kama hiyo asiitupe baada ya kuinakili. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, tafuta mwenye deki yenye Dolby, uinakili upya swichi ikiwa imewashwa. Ukikosa deki, punguza trebo kidogo kidogo, maana ukizidisha maneno hayasikiki.

Deki ilipatikana Korogwe mjini. Jioni ile mama mwenzetu alisikiliza upande mzima wa kanda bila kusema neno, kisha akamwita kijana wake aje akae karibu naye, wasikilize upande wa pili.