Mufuko wa pili wa unga hauna bei ya mufuko wa kwanza

Kila mara tunaingia kuongea mishahara, tunasikia neno moja: feza haiko, lakini tunaweza kuwaongezea mufuko wa unga. Wengi kati yetu wanapiga mikono. Tuhesabu kwanza.

Tuseme nyumba inakula mifuko miwili ya kilo 25 kwa mwezi. Mufuko wa kwanza unafukuza njaa. Wa pili unafikisha mwezi. Na wa tatu? Wadudu wanaingia, ao mama anaupeleka ku soko ya Kenya, na mununuzi akijua kama ni unga wa kazi, anakata bei. Kampuni, yeye, anauandika kwa bei nzima. Hasara iko ya nani?

Unga njo ule ule, kilo njo zile zile. Chenye kinapunguka ni hitaji letu. Wenye kusoma économie wana jina ndefu ya hiyo. Wamama wetu wanaijua bila kalasi: wakisha kupata unga wa kutosha, wanatafuta samaki, kiisha sabuni, kiisha minerval ya mutoto. Hakuna mama anamaliza feza yote mu unga.

Hatusemi posho ni mubaya. Wazee walipokea posho wakati wa Union Minière, na Gécamines akaendelea. Mu miaka ya 1990, feza ya Zaïre ilikuwa inaoza mu mifuko ya suruali, lakini unga ulijaza chungu. Hata mu 2024, ukame ulipoharibu mahindi ya Zambia, wenye walikuwa na mufuko nyumbani walilala vizuri kuliko wenye kungojea malori ya Kasumbalesa. Kwa hiyo mufuko wa kwanza tusiuachilie hata kidogo.

Kuanzia pale unga unatosha, tuombe feza, kwa bei ya soko ya mwezi ule, na iandikwe mu convention collective, isibaki neno ya mudomo.

Tulipoeleza hivi mu mukutano, mama mumoja alisimama: "Badelege, unga haiingiake mu bar. Feza inaingiaka." Watu walicheka, lakini wanaume walicheka kidogo. Ile, hesabu yetu haikuiweka. Kwa nyumba yake, mufuko wa tatu wenye kuuzishwa bei ya chini unaweza kushinda feza nzima yenye haifike.

Sasa tunaomba kila nyumba ichague yenyewe, unga ao feza, na karatasi ya kuchagua iwe na nafasi mbili za kutia sahihi: ya mutumishi na ya bibi yake.