Nchi Zikiachana, Nani Hulala Njaa?

Mwezi huu tunaziweka pembeni zile habari za wivu na meseji za saa nane za usiku. Tunaongea talaka ya aina nyingine, ile inayosainiwa na wakubwa lakini bili yake inaletwa jikoni kwako.

Namaanisha nchi kujitoa kwenye jumuiya ya kibiashara.

Usifungue ukurasa mwingine, subiri kwanza! Najua unasema haya ni mambo ya magazeti ya wazee. Lakini pita Mchafukoge asubuhi, shuka na Mtaa wa Uhuru mpaka Msimbazi, usikilize wenye fremu wakifungua maduka. Kila Tanzania na jirani zake wanaponuniana, swali ni lile lile: "Hivi tukijitoa Jumuiya itakuwaje?" Liliulizwa sana mwaka 2013, Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kukutana zenyewe, Entebbe, Mombasa kisha Kigali, sisi tukiwa hatupo mezani. Ikabidi Novemba mwaka huo Rais Kikwete asimame bungeni Dodoma aseme kwamba Tanzania haiendi popote. Likarudi Julai 2025, serikali ilipotoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo saluni, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na duka la rejareja. Wakenya walilalamika. Wabongo wengi, hasa wa Kariakoo, walipiga makofi. Na wapo waliofika nyumbani usiku wakakuta mwenza kanuna.

Kwa sababu huyo anayeitwa "mgeni" kwenye gazeti, kwenye nyumba nyingine anaitwa shemeji, wifi au mama watoto.

Kuachana ambako wazee wanakukumbuka

Kama una mzazi au babu aliyefanya kazi reli, bandari, posta au ndege enzi hizo, muulize kuhusu 1977. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilianza rasmi Desemba 1967, na ilikuwa ndoa kamili, yenye vyombo vya ndani. Shirika la reli lilikuwa na makao yake Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na makao makuu ya Jumuiya yenyewe Arusha. Kijana wa Kilimanjaro aliajiriwa Nairobi, wa Kisumu akapangiwa kazi Dar. Wakapendana, wakaoana, wakazaa.

Kisha wakubwa wakagombana. Siasa za Nyerere, Kenyatta na Idi Amin zilikuwa hazikai chungu kimoja, na ugomvi wa nani anafaidika zaidi ukaongezeka. Mwanzoni mwa 1977 Kenya ikaanzisha shirika lake la ndege, Tanzania ikafunga mpaka, na katikati ya mwaka Jumuiya ikawa imekufa. Mpaka ule haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Hebu piga hesabu, ni zaidi ya miaka sita. Mtoto aliyezaliwa Namanga siku mpaka unafungwa alikuwa anakwenda shule siku unafunguliwa.

Mkataba wa kugawana mali ulisainiwa 1984. Yaani talaka 1977, mgawanyo wa nyumba na masufuria miaka saba baadaye. Na wafanyakazi? Wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya waliendelea kudai mafao yao mpaka miaka ya 2000, wakiandamana hapa hapa Dar wakiwa na mvi na mikongojo. Wengine walikufa wakidai, na madai yakarithiwa na wajane na watoto.

Hilo ndilo somo la kwanza. Wakubwa walioachana waliendelea kula vizuri. Aliyelala njaa ni mke wa fundi wa reli.

Na kuachana ambako hakuna anayekukumbuka

Lakini shoga yangu, na wewe kaka, tusidanganyane kwamba kila kujitoa ni msiba. Ipo talaka ambayo Tanzania iliitoa na watu wengi hawana habari nayo. Mwaka 2000, enzi za Mzee Mkapa, tulijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika lenye makao makuu Lusaka. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili kubwa: tungepoteza mapato ya ushuru, na ilikuwa gharama kuwa mwanachama kila mahali wakati tayari tupo SADC na tunaifufua Jumuiya yetu. Oktoba mwaka huo huo nchi tisa za COMESA, Kenya, Zambia, Malawi na Misri zikiwemo, zikaanza kuuziana bidhaa zao bila ushuru wa forodha. Sisi tulikuwa tumeshabeba begi.

Je, Kariakoo ilifungwa? Wapi! Mzambia na Mkongo waliendelea kuja kufunga marobota. Waliolia kwa sauti ni wenye viwanda, ambao kupitia shirikisho lao waliiomba serikali irudi. Walikuwa na hoja. Kiwanda cha Nairobi kiliweza kupeleka mzigo Lusaka bila ushuru, cha Dar kikangoja. Eneo huru la biashara la SADC lilizinduliwa 2008, na hata hapo masharti yake ni magumu zaidi. Chukua nguo: SADC inataka kwa kawaida hata kitambaa kiwe kimefumwa ndani ya ukanda. Ukinunua kitambaa cha China ukakishonea Ilala, shati lako halihesabiwi la nyumbani.

Kwa hiyo mwenye duka hakuumia, ila kijana ambaye angeajiriwa kiwandani aliikosa kazi bila kujua aliikosea wapi. Hasara za namna hii hazipigi kelele.

Hesabu ya mezani

Haya, twende kwenye mshiko. Kati ya Mnazi Mmoja na Msimbazi nyumba za namna hii ni nyingi: mume kaajiriwa kwenye ofisi ya uwakala wa forodha, mke ana fremu ya vyombo vya nyumbani. Sehemu ya mzigo wa mke inatoka viwanda vya Kenya, sehemu China. Wateja wake wa jumla ni Wakomoro, Wazambia na Wakongo wanaoletwa na mawinga. Ukitazama vizuri, ada ya shule ya watoto wao inapita mipakani kabla ya kufika kwa mhasibu.

Chukua mzigo wa shilingi 1,000,000 uliotengenezwa Kenya, una cheti cha uasili. Ushuru wa forodha ni sifuri. Unalipa VAT ya asilimia 18, jumla 1,180,000. Sasa tuseme tumeachana na mzigo ule ule unatozwa kama wa mgeni. Bidhaa iliyokamilika kwa kawaida ni asilimia 25, yaani 250,000. VAT nayo inapigwa juu ya hiyo 1,250,000, inakuwa 225,000. Jumla 1,475,000. Tofauti ni 295,000 kwa kila milioni, na hapo tozo nyingine tumeziacha kando. Na zipo bidhaa ambazo tangu Julai 2022 zimewekwa kwenye daraja la asilimia 35.

Nani anailipa hiyo 295,000? Mwenye fremu anakata kidogo kwenye faida yake, nyingine anampandishia bei bibi harusi mtarajiwa anayenunua seti ya sufuria kwa ajili ya kitchen party.

Ila tuwe wakweli. Mzigo wa Guangzhou, ambao ndio umejaa Mtaa wa Congo, hauna cheti cha Afrika Mashariki leo na hautakuwa nacho kesho. Huo unalipa ushuru wa wageni tayari. Tukiwa nje ya Jumuiya tungejipangia viwango vyetu wenyewe, na huenda vingine vingeshuka. Ndiyo maana anayesema "tujitoe tulinde viwanda vyetu" si mwendawazimu. Ana hesabu zake. Swali la kumuuliza ni moja tu: na huyo Mganda anayenunua bidhaa ya kiwanda chetu, yeye akitupandishia ushuru kama tulivyompandishia, tunamuuzia nani?

Tulionjeshwa kidogo Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Katazo lenyewe lilidumu siku chache tu, lakini malori yalipanga foleni, na mkulima aliyekopa kwa kutegemea soko la Kenya alizihesabu siku hizo moja moja. Mei mwaka huo Rais Samia akaenda Nairobi, wakubwa wakakaa, mambo yakalainika. Kama siku chache zinatoa jasho namna hiyo, miaka sita je?

Na wenzetu wa mbali? Waingereza walipiga kura Juni 2016 kuondoka Umoja wa Ulaya, wakaondoka rasmi Januari 2020 baada ya miaka zaidi ya mitatu ya kuvutana. Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa ECOWAS rasmi Januari 2025. Kila mahali mtu wa kawaida aliuliza maswali yale yale ya Mchafukoge: bei itakuwaje, kibali changu kitakuwaje, na mume wangu atabaki kuwa nani?

Penye kidonda

Hilo la mwisho ndilo linalonikera zaidi, na ndilo la safu hii. Bei ikipanda mnabana matumizi pamoja, hata mapenzi yanaongezeka. Lakini siasa za mpaka zikiingia chumbani, huwa zinaingia kama matusi.

Kuna dada, mke wa Mbongo, anatoka ng'ambo ya Namanga. Ana saluni. Amri ya 2025 ilipotoka, mumewe akasema kwa utani mbele ya rafiki zake, "Sasa utajua nani mwenye nchi." Wote wakacheka, na yeye akacheka. Usiku akauliza jambo moja: leseni ikiandikwa kwa jina la mume, na yale mashine ya kukaushia nywele aliyoyanunua kwa jasho lake, yanakuwa ya nani? Mume akaona anashutumiwa. Wakalala mzungu wa nne.

Kaka, hebu vaa viatu vyake. Hakuwa anakuita mwizi. Alikuwa anaona sheria imempa mtu mmoja ndani ya nyumba rungu ambalo jana hakuwa nalo. Kazi yako haikuwa kumcheka wala kumbembeleza. Kazi yako ilikuwa kuchukua kalamu na karatasi.

Fanyeni haya, wala msingoje wakubwa

*Jueni hela yenu inapita mpaka gani.* Kaeni jioni moja, zimeni TV, andikeni kila chanzo cha kipato. Kipi kinategemea Namanga, kipi Tunduma, kipi bandari? Kama vyote vinapita mlango mmoja, mmeshajua pa kuanzia.

*Msipende karatasi za mkato.* Mfanyabiashara mdogo anayeleta bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinachotolewa pale pale mpakani. Wengi hawakijui, wanapita njia za panya, kisha wanalia wakikamatwa.

*Biashara ya wawili iandikwe kama ya wawili.* Kama mwenza wako si raia, mwoneni mwanasheria kuhusu kibali, leseni na uraia wakati mambo ni shwari. Na hata kama sheria inataka jina moja kwenye leseni, wekeni makubaliano yenu ya maandishi kuhusu mtaji na vifaa vya nani ni vipi. Huku si kutoaminiana. Watu waliooana vizuri huandikiana.

*Mikopo isiwe na matumaini kuliko hesabu.* Usikope kwa kudhani wateja wa nje watakuja mwezi huu kama mwezi jana. Jiulizeni: mpaka ukisimama wiki mbili, marejesho yatatoka wapi?

*Utani una mipaka.* "Nyie Wakenya", "nyie Wabongo", "nyie Wachagga". Ukiwa vijiweni sema. Mbele ya watoto ambao damu yao ni nusu kwa nusu, funga mdomo. Wao hawana pa kujitoa.

Mpaka leo Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya, ambayo sasa ina nchi nane, kutoka Bahari ya Hindi mpaka Kongo. Tunagombana, tunarudiana, kama watu wa nyumba moja. Labda itabaki hivyo, labda wajukuu wetu watakuta vingine. Mimi na wewe hatuitwi kwenye vikao vya Arusha. Ila kuna kikao kimoja ambacho mwenyekiti ni wewe na katibu ni mwenzio, na ajenda yake ni daftari la matumizi. Kiitishe wiki hii.

Haya mpenzi, tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Nitaongea na wale mnaochangisha harusi ya milioni 30 huku mnapanga chumba na sebule. Mjiandae!