Wasimamizi wa Jumuiya Wasiwe Pambo

Kila masika inapoingia, mji wa Unguja huulizwa swali lile lile: maji yatapita wapi? Kwa wakaazi wa Kwahani, Sogea, Ziwa Maboga na Mwanakwerekwe, hilo si swali la kuzungumzwa mkutanoni tu. Ni swali la magodoro yaliyorowa, vyoo vilivyofurika na watoto waliokosa skuli.

Ndiyo maana tunazitazama kwa jicho jema jumuiya za wananchi zilizojitwika jukumu la kuutayarisha mji wetu uweze kuyakabili mabadiliko ya tabianchi. Jumuiya hizi hazitafuti faida, na aghalabu husimamiwa na watu wenye heshima zao: walimu wastaafu, wahandisi, masheikh, wafanyabiashara na waliopata kushika nyadhifa Serikalini. Ni jambo la kheri mtu aliyejaaliwa elimu na sifa njema kuutumikia mji wake bila ya ujira. Lakini heshima ya mtu ni amana, na leo tunapenda kuuliza amana hiyo itumike vipi.

Mji wetu ni mji wa maji, na majina ya mitaa yake yanashuhudia. Darajani paliitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja, lililovuka hori ya bahari iliyoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Hori ile ilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20. Majina ya Funguni, Ziwani na Mtoni nayo hayahitaji mkalimani. Wazee waliotoa majina hayo walituachia ramani bila ya karatasi, nasi tukajenga juu yake. Maji hufuata mkondo, walisema wahenga. Na mkondo uliojengewa nyumba haukuacha kuwa mkondo.

Tena mambo yamezidi. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta 1,889,773, na karibu nusu yao wamo katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Kila paa jipya na kila ua uliosakafiwa huinyima ardhi nafasi ya kunywa maji. Wakati huo huo, wataalamu wanatwambia kwamba hewa ikizidi joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, kwa hivyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Nao wastani wa kimo cha bahari duniani ulipanda kwa kiasi cha sentimita 20 baina ya mwaka 1901 na 2018. Bahari inapojaa wakati wa bamvua, maji ya mitaroni hukosa pa kutokea.

Serikali haikukaa kitako. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Mradi wa Huduma za Miji ulioidhinishwa mwaka 2011 ulijenga mitaro mikubwa ya maji ya mvua, pamoja na ukuta wa bahari wa Mizingani. Kazi hiyo tunaisifu. Lakini mtaro haujilindi wenyewe. Mradi una mwisho wake. Taka, mchanga na tamaa ya viwanja havina mwisho. Hapo ndipo jumuiya inapohitajika, na hapo ndipo wasimamizi wake wanapopimwa.

Kipimo cha kwanza ni viti. Jumuiya ikisimamiwa na watu wa nyumba za juu peke yao, itayajua mafuriko kwa kusimuliwa. Mama wa Kwahani ambaye kila masika huunyanyua unga wake juu ya kabati anajua maji huingia kwa mlango upi, na baada ya muda gani tangu mvua ianze. Elimu hiyo haipatikani katika semina. Mama huyo apewe kiti chenye kura, wala asiitwe siku ya kupigwa picha na wageni tu.

Kipimo cha pili ni hesabu. Fedha zilizoombwa kwa jina la waliofurikiwa zisomwe mbele ya waliofurikiwa. Mshika fedha abandike hesabu zake katika ofisi ya sheha, kwa Kiswahili, shilingi kwa shilingi.

Kipimo cha tatu ndicho kizito zaidi, nacho ni kusema kweli. Nyumba inayojengwa juu ya mkondo wa maji huonekana na mtaa mzima tangu msingi wake unapochimbwa. Mwenyewe huenda akawa jamaa, rafiki, au mjumbe wa jumuiya hiyo hiyo. Kiongozi anayenyamaza hapo, kisha akaongoza msafara wa kugawa mablangeti baada ya mafuriko, huwa anawapoza majirani zake kwa hasara aliyoiona ikija.

Wapo maofisa wanaosema kwamba mitaro na viwanja ni kazi ya Serikali na mabaraza ya manispaa, na kwamba jumuiya isiyopigiwa kura na wananchi haina haki ya kuingilia. Hoja hii ina uzito. Jumuiya haina mamlaka ya kubomoa, kutoza wala kugawa ardhi, na ikijifanya serikali ndogo itavuruga mambo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hata hivyo, kumwambia nahodha kwamba mbele pana mwamba si kumnyang'anya usukani.

Serikali nayo ina wajibu wake. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilianza kazi ya kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Hazina hiyo isibakie kabatini. Kila shehia ibandikiwe ramani inayoonyesha njia zake za maji, ili mnunuzi wa kiwanja ajue anachokinunua. Na jumuiya inapoandika barua kuhusu mkondo uliozibwa, ijibiwe kwa maandishi, kwa muda maalumu.

Masika haingoji kikao kitimize akidi. Kwa hivyo tunatoa nasaha moja iliyo nyepesi. Kabla ya mvua zijazo, wasimamizi wa kila jumuiya wachague mtaro mmoja, waufuate kwa miguu tangu unapoanzia mpaka unapomwaga baharini, wakiwa pamoja na sheha, ofisa wa manispaa na wakaazi wa hapo. Waandike kila kilichouziba, nani anayepaswa kukiondoa, na lini. Kisha warudi siku hiyo ikifika, waangalie.