Mmoja Akicheza Haitoshi

Vijana wenzangu, leo naandika juu ya jambo ambalo sisi wanaume tunasema ni la akina mama tu: watoto kucheza tumboni. Na naongelea mimba ya mapacha.

Mapacha tunawapenda. Kabla hawajazaliwa Warundi wana majina tayari, Bukuru na Butoyi. Wenyeji wetu Watanzania wana Kulwa na Doto. Lakini nikipita nyumba kwa nyumba kwenye kazi ya kujitolea hapa kambini, nasikia maneno ya kutia hofu. Eti wakiwa wawili lazima mama awasikie mapema. Eti mwezi wa tisa wanatulia sababu nafasi imebana. Eti mmoja akirusha mguu, basi na mwenzake yuko salama.

La kwanza: akina mama wengi huanza kusikia mtoto akicheza kati ya wiki ya 16 na ya 24. Mimba ya kwanza mara nyingi inachelewa, hata kupita wiki ya 20. Na kondo la nyuma likikaa upande wa mbele, mateke hayasikiki vizuri. Kwa hiyo asiyesikia kitu wiki ya 18 msimtishe. Ila ikifika ya 24 bado kimya, aende kliniki, asingoje tarehe ya kwenye kadi.

La pili si kweli kabisa. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, lakini watoto hawatakiwi kupunguza kucheza mpaka siku ya uchungu. Kupungua ni dalili.

La tatu ndilo baya zaidi. Pacha mmoja anaweza kupata shida huku mwenzake anaendelea kupiga mateke. Ni kweli, kujua nani kapiga si rahisi. Hakuna idadi maalum ya mateke pia. Kipimo ni mazoea. Mama akisema "upande huu umenyamaza tangu asubuhi", hiyo inatosha kwenda.

Sasa saa tano usiku anasema hivyo, anajibiwa: kunywa chai, lala, kesho tutaona. Nani anajibu? Ni mume, ni mama mkwe, ni sisi. Mi nasema hapana. Hiyo kesho inaweza kuchelewa. Aende usiku huohuo.

Wengine watasema tutaenda halafu tuambiwe watoto wazima, tumesumbua watu bure. Sawa, kwani kurudi na habari njema ni hasara?

Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wiki ya 37, basi tupange mapema: nani atamsindikiza usiku, nani atabaki na watoto wengine, kadi iko wapi.

Kama dada yako au shemeji yako amebeba mapacha, leo jioni muulize: watoto wamechezaje leo? Halafu nyamaza, umsikilize mpaka amalize.