Kashata za Noeli na imani ya jirani

Leo ni Dominika ya tatu ya Majilio, ambayo Kanisa huiita Gaudete, yaani furahini. Padre huruhusiwa kuvaa mavazi ya rangi ya waridi badala ya zambarau, ishara kwamba Noeli imekaribia. Na majikoni nako harufu ya sukari na karanga imeanza kutuambia hivyo hivyo.

Miaka hii imeingia desturi ya kutengeneza kashata laini za maziwa kwa ajili ya sikukuu. Sukari, siagi na maziwa mazito ya kopo huchemshwa pamoja na kukorogwa bila kuchoka hadi rojo lianze kujitenga na sufuria. Likishaepuliwa hutiwa karanga au korosho zilizokaangwa, kisha humiminwa kwenye sinia lililopakwa siagi na kukatwa vipande. Ni kazi nzuri, na zawadi ya mikono yako mwenyewe ina uzito kuliko ya dukani. Lakini wengi sasa huongeza kijiko kimoja au viwili vya brandi, ramu au pombe tamu ya krimu kama Amarula, ili ladha ipande. Hapo ndipo ninapoomba tutafakari pamoja.

Sisemi kwamba pombe ni dhambi yenyewe. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai kule Kana, na Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inatutaka tuwe na kiasi na kuepuka kila aina ya kupindukia. Basi, mtu mzima anayekula kashata yake yenye ramu kidogo nyumbani kwake, sina neno naye. Neno langu linaanza sinia linapovuka kizingiti.

Wapo wanaosema kileo huisha chote kwa moto. Kwa kashata hizi sivyo. Pombe hutiwa mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa, kwa sababu ikitiwa mapema ladha yake nayo hupotea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kileo hubaki ndani, imefunikwa na utamu.

Sasa fikiria sahani yako inafika wapi. Inafika kwa watoto, ambao hawajui kuishia kipande kimoja. Inafika kwa jirani Mwislamu, ambaye siku ya Idi alikuletea pilau nawe ukaila bila kuuliza neno, kwa kuwa unamwamini. Yeye naye atakula chako kwa imani ile ile, na utakuwa umemlisha kilicho haramu kwake chini ya kawa ya ujirani mwema. Tena inafika kwa yule aliyeacha pombe.

Namfahamu baba mmoja, ameniruhusu nimseme bila jina, aliyekuwa na miaka minne bila kuonja kileo. Kwenye sherehe ya kipaimara alipewa kipande cha kashata. Alipokiweka tu mdomoni aliitambua ladha, akakitema kwenye karatasi. Waliokuwa karibu wakacheka: “Mzee, hiyo ni pipi tu!” Aliondoka kabla ya chakula. Mkewe alinieleza kwamba usiku ule hawakulala. Walikaa sebuleni wakisali, yeye akipigana na kiu aliyodhani imekufa. Alishinda. Lakini nani alimpeleka vitani bila kumwambia?

Mtume Paulo alikutana na jambo la namna hii huko Korintho. Wakristo waliojiona wana maarifa walikula nyama iliyotolewa kwa sanamu, wakijua kuwa sanamu si kitu. Paulo hakuwaambia wamekosea katika maarifa. Aliwakumbusha kwamba ndugu aliye dhaifu ni mtu ambaye Kristo alimfia, na kwamba yeye mwenyewe yu tayari kuacha nyama daima kuliko kumkwaza huyo (1 Kor 8).

Kanisa nalo linatoa mfano altareni. Mwaka 1995 barua ya Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Ratzinger, ilieleza kwamba padre aliyeathirika na ulevi anaweza, kwa ruhusa ya Askofu wake, kuadhimisha Misa kwa mustum, yaani maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa. Ikiwa udhaifu wa mtu mmoja unazingatiwa hata mbele ya kikombe cha Bwana, utashindwaje kuzingatiwa mbele ya sahani ya kashata?

Utaniambia kila mtu ajichunge mwenyewe. Ni sawa, lakini asiyejua kilichomo atajichungaje? Anayekaa kimya amemnyang'anya mwenzake haki ya kuchagua.

Dawa yake ni nyepesi. Pika sinia mbili. Ile ya kugawa tia iliki, tangawizi, vanila au ganda la chungwa lililokwaruzwa; hakuna atakayelalamika. Ile yenye kileo iweke mbali na watoto, na ukimkaribisha mtu mzima mwambie kabla hajanyoosha mkono. Mwambie pia kama kuna karanga, maana wapo wanaodhurika nazo. Na anayesema “asante, situmii” asiulizwe sababu wala asichekwe.

Nehemia aliwaagiza watu wale vinono, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale wasioandaliwa kitu (Neh 8:10). Basi pikeni, ndugu zangu, na mpeleke kwa majirani. Ila kila anayepokea sahani yako aweze kula kwa amani, na akiamka kesho yake awe bado mzima katika ahadi yake na katika imani yake.

Nawatakia Dominika njema.