Mwacheni Mwenye Lamborghini, Nipeni Pijo

Wadau, habari ndiyo hiyo: mwenzenu sasa namiliki gari. Si Vitz, si IST, wala si Noah. Ni Peugeot 404 ya mwaka 1969, ile ambayo wazee wetu wanaiita Pijo. Rangi yake ni ya maziwa ya mgando, mkono wa gia uko kwenye usukani, redio haipo. Nimeinunua kwa mzee mmoja mstaafu wa Iringa kwa fedha isiyofika nusu ya bei ya Vitz ya mtumba, na sasa nina miezi mitatu nayo barabarani, nikienda na kurudi kati ya Iringa na Mbeya.

Marafiki zangu wamenicheka vya kutosha. Wengine wanaiita mkweche. Mmoja kaniuliza kama imekuja na makumbusho yake. Sawa, cheka. Lakini mimi nasema hivi, na nitatoa sababu: hili ndilo gari la mbio la kweli la nchi hii, na namna tunavyoliacha life ni aibu yetu sisi vijana, si ya wazee.

Tuanze na hilo neno gari la mbio. Wengi wetu tumekua na picha za Ferrari na Lamborghini ukutani. Wapenzi wengi wa magari wanasema mambo yalianza na Lamborghini Miura, lililoonyeshwa Geneva mwezi Machi 1966. Injini ya silinda 12 iko nyuma ya kiti cha dereva, nguvu yake ni karibu farasi 350, na paa lake linamfika mtu mzima kiunoni. Ni gari zuri, sibishi. Sasa hebu jaribu kulitoa Ipogolo kulipeleka Mwanjelwa. Tuta la kwanza litalichuna tumbo. La pili litabaki na bomba la moshi. Ukiyavuka yote kwa miujiza, kila kijiji kina kibao cha 50, na trafiki yuko chini ya mti na tochi yake. Farasi wako 350 watatembea mwendo wa Costa.

Rudi kwenye mwaka huo huo, 1966. Pasaka ya mwaka huo, mwezi mmoja tu baada ya Miura kuonyeshwa, Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam alishinda East African Safari akiwa na mwenzake Chris Rothwell. Gari lao lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1967 wakashinda tena kwa gari la aina hiyo hiyo.

Kwa wasioyajua mashindano hayo: yalianza mwaka 1953, na enzi hizo yalikuwa ni maelfu ya kilomita za vumbi na tope kupitia Kenya, Uganda na hapa kwetu. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Mwaka 1968 yakafika saba tu tena. Mara zote mbili lililoshika nafasi ya kwanza lilikuwa Peugeot 404, na waliokuwa ndani ni wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff. Hesabu mwenyewe: ushindi mara nne katika miaka sita. Na waliotangulia hawakuwa lazima wenye kasi kuliko wote. Walikuwa wale ambao gari lao halikuwaacha porini.

Kwa barabara zetu, nadhani hicho ndicho kipimo cha haki. Gari la mbio ni lile linalofika.

Haya, sasa kuliendesha kukoje?

Kwanza, gari hili halikubali uvivu. Ukiwa na gari la kisasa unabonyeza kitufe, unaondoka, unawaza mambo yako. Hili linataka uwepo. Asubuhi ya Juni pale Mbeya, baridi ikiwa imekamata, unavuta choki, unapiga stata, unasubiri, unarudisha choki kidogo kidogo huku ukisikiliza. Betri ikigoma, kuna tundu mbele kwenye bampa la kuingizia handeli. Nimeshalipiga handeli mara mbili mbele ya nyumba, na mara zote mbili watoto wa mtaa mzima walikuja kutazama.

Pili, mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Gari la kisasa lina kompyuta, linapima hewa na kupunguza mafuta lenyewe. Kabureta halijui liko wapi. Linamimina petroli kana kwamba bado tuko Kariakoo. Matokeo yake plagi zinakuwa nyeusi, gari linakohoa, na nguvu zinapungua. Dawa yake ni kubadilisha jeti, kile kijitundu cha kupitishia petroli, uweke ndogo zaidi. Kazi ya nusu saa kwa anayeijua. Hapo kwa "anayeijua" nitarudi.

Tatu, safari yenyewe. Iringa hadi Mbeya ni kama kilomita 330. Injini ni ya cc 1,618, kwa hiyo usitegemee miujiza. Lakini jinsi gari hili linavyopita kwenye barabara mbovu, jamani! Springi zake ni laini na ndefu, linameza mashimo kama mtu anayekunywa uji. Ukitoka Mafinga ukapita kwenye misonobari hadi Makambako, linatulia kwenye 80 na kuimba. Ukishuka kuelekea Igawa na bonde la Usangu, joto linapanda, unafungua vioo. Chimala, Igurusi, kisha unaanza tena kupanda kuelekea Uyole, na hapo unasikia kitu kinaita mbele ya injini. Ni feni. Wafaransa waliiwekea sumaku ya umeme inayoishika maji yakipata joto na kuiachia yakipoa. Siku niliyolipandisha Kitonga, malori mawili yalikuwa yamesimama kando, boneti wazi, yanatoa mvuke. Pijo lilipanda kwa gia ya pili, polepole, mshale wa joto haukugusa nyekundu.

Breki ni jambo la kupanga mapema. Usisubiri kufika kwenye lori ndipo ukanyage. Unashusha gia, unaacha injini ishike, ndipo unakanyaga. Siku ya kwanza nilichoka mikono. Wiki ya tatu nilianza kuelewa kwa nini madereva wa zamani walikuwa watu wa kuheshimiwa. Udereva ulikuwa ni ufundi.

Nne, na hili sikulitegemea, ni watu. Nikisimama Ipogolo kununua nyanya, wazee wanakuja. "Kamwene," halafu moja kwa moja mkono kwenye boneti. Kila mmoja ana habari yake. Huyu baba yake mdogo alimwendesha ofisa wa serikali kwenye gari kama hili. Yule alipelekwa hospitali akiwa mtoto, amelala kiti cha nyuma. Na karibu wote wanaikumbuka barabara hii kabla ya lami. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwezi Novemba 1965, Zambia ilikosa njia yake ya mafuta ya kusini, na mapipa ya mafuta yakaanza kupitishwa hapa kwa malori, kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi mpakani. Barabara ilikuwa ya udongo. Madereva wakaibatiza njia ya jehanamu. Historia hiyo ya ukombozi wa kusini mwa Afrika tuliisoma darasani kwa majina ya marais. Mimi nimeisikia kwa mara ya kwanza kama habari ya tope, gia na watu waliolala chini ya malori, na nimeisikia kwa sababu tu nimesimama na gari linalowakumbusha.

Sasa nirudi kwa anayeijua kazi.

Gari lilipoanza kukohoa nililipeleka gereji moja ya mjini, sitaitaja, yenye vijana nadhifu na ovaroli safi. Kijana akafungua mlango, akainama chini ya dashibodi na tochi ya simu, akatafuta dakika tano. Nikamuuliza anatafuta nini. "Natafuta pa kuchomeka mashine, braza." Simcheki. Amefundishwa magari yanayojieleza yenyewe kwenye skrini, na kwa magari hayo ni hodari. Hili langu halina cha kuchomeka.

Aliyenisaidia ni fundi mzee wa Mwanjelwa, umri umepita miaka 70, gereji yake ni mwembe na benchi. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, zima hilo gari, nimeshasikia." Nilikuwa sijashuka. Akafungua disteributa, akapima uwazi wa pointi kwa kipande cha karatasi ngumu ya pakiti ya sigara, akabadilisha jeti, akageuza skrubu moja robo mzunguko huku amefumba macho. Gari likatulia kama paka.

Nikamuuliza anamfundisha nani. Alikuwa na vijana wawili, wote wameingia kwenye bodaboda, kwa sababu bodaboda inaleta hela ya leo. Akafuta mikono, akasema, "Nikifa mimi, gari lako limekufa." Hakusema kwa majonzi. Alikuwa ananipa taarifa ya kiufundi.

Hilo ndilo linaloniuma. Kuna mfanyabiashara wa chuma chakavu aliyenisimamisha Makambako, akalizunguka gari kama mtu aliyeko mnadani, kisha akauliza lina kilo ngapi. Lina zaidi ya tani moja, na kwake jibu hilo linatosha. Pijo ngapi zimeshaondoka kwa kilo? Na kila moja inapoondoka, kuna fundi anayekosa sababu ya kukumbuka.

Najua hoja za upande wa pili. Wapo wanaosema magari makuukuu yanaua watu na kuchafua hewa. Wana hoja, na simtetei mwenye daladala bovu anayepakia abiria huku breki hakuna. Langu nimelifungia mikanda, siliendeshi usiku kwa sababu taa zake ni hafifu, na kila wiki ya Nenda kwa Usalama nitalipeleka kwa trafiki likaguliwe kama mengine. Lina moshi kuliko gari jipya, kweli, lakini linatembea siku chache kwa mwezi. Wapo pia waliosema petroli yenye risasi ikiondolewa magari haya yatakufa. Iliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na langu linakunywa petroli ya kituo chochote.

Hoja nyingine ni kwamba haya ni mapenzi ya wenye pesa, sisi tuna shida nyingine. Hapa nakataa. Tangu mwaka 2003 kuna mashindano ya East African Safari Classic, ya magari ya zamani tu. Watu wanasafirisha Porsche na Datsun za miaka ya 1970 kutoka Ulaya, kwa gharama kubwa, ili waje kuziendesha kwenye vumbi letu. Wageni wanalipa kuja kutafuta kile ambacho sisi tunakiuza kwa kilo. Na ufundi wa kabureta, breki za dramu na kutengeneza spea isiyouzwa popote si anasa. Ni uwezo wa kufungua kitu, kukielewa na kukirudisha kikiwa kizima. Nchi inayoagiza kila kitu kutoka nje inauhitaji uwezo huo kuliko nchi inayotengeneza.

Siombi mambo makubwa. VETA wangeweza kuwaalika mafundi hawa wazee, hata kwa wiki moja kwa mwaka, wakawaonyesha vijana gari lisilo na kompyuta. Iringa tuna makumbusho pale Boma, yaliyofunguliwa mwaka 2016 kwenye jengo la enzi za Wajerumani. Sioni kwa nini Pijo moja isisimame nje, na pembeni yake simulizi za madereva wa njia ya jehanamu, zikachukuliwa wakiwa bado hai. Na sisi tunaojiita wasomi wa mjini tuache kupima gari kwa jinsi linavyopendeza kwenye picha.

Kama mtaani kwenu kuna mzee mwenye Pijo iliyofunikwa turubai nyuma ya nyumba, nenda kamsalimie. Usimuulize bei kwanza. Muulize inawashwaje.